Kucha za Karani

Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: Alhamisi ile nilikuwa tayari kumuuma mbwa kabla yeye hajaniuma. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba changu cha kushonea, mkono wa kushoto umeshika kiguu chembamba kama kidole changu cha shahada, wa kulia umeshika kikata kucha kipya kabisa, na Karani ananitazama kwa macho ya mtu anayesomewa hukumu. Karani ndiye mbwa mwenyewe. Anaenea kwenye kikapu changu cha nyuzi na nafasi inabaki, lakini siku hiyo alikuwa na nguvu za ng'ombe.

Jina alipewa na mama. Mama alikuwa mpiga chapa ofisini kwa miaka thelathini na mmoja, na siku tulipomleta huyo mbwa, akakatiza sebuleni tiki-tiki-tiki juu ya saruji, mama alicheka akasema jamani huyu ni karani, msikilizeni anavyopiga barua. Hiyo ilikuwa kabla ya kiharusi. Alhamisi hiyo ulikuwa mwezi wa nne upande wa kulia wa mama umelala, na maneno yameondoka nao. Imebaki "mm" moja, anayoitumia kwa ndiyo, kwa hapana, kwa maji na kwa niacheni.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mama hali bila Karani mapajani. Usiniulize kwa nini. Tumejaribu yote: nimembembeleza, nimemwimbia, nimemtisha kama mtoto, na kaka yangu amemhutubia. Anafunga mdomo. Lakini mbwa akipanda, akajikunja pale kwenye paja la kulia, mkono wa mama wa kushoto unatua mgongoni kwake na mdomo unafunguka wenyewe. Hapo utamlisha bakuli zima. Tena mama ana kisukari, kwa hiyo kukosa kula kwake si kama kwangu mimi na wewe. Akimeza dawa tumbo likiwa tupu, sukari inashuka anazimia.

Na kisukari hichohicho ndicho kilichotuletea balaa. Ngozi yake imekuwa nyepesi kama bitana ya bei rahisi. Ikichubuka leo, wiki mbili baadaye bado ni kidonda. Mwezi mmoja kabla ya Alhamisi ile mkono wake wa kulia, ule uliolala, ulianza kupata michubuko. Ilikuwa mifupi, imepinda kidogo, kama mtu amechora nusu ya kifungo. Mke wa kaka, wifi yangu, ni muuguzi. Aliisafisha, akasema hii ni kazi ya ukucha, akamtazama Karani. Sote tukamtazama Karani. Kweli kucha zake zilikuwa zimerefuka, nyeusi, zimejikunja, kwa sababu aliyekuwa akizikata siku zote ni mama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," kaka akasema.

Kaka yangu ni mwalimu mkuu, na hata akiomba chumvi unasikia kengele ya shule. Alitoa hukumu akiwa amesimama: anatupa wiki moja, Jumapili atakuja na kasha la kubebea mbwa. Akikuta mchubuko mpya hata mmoja, Karani anahamia kwa mlinzi wa shule yake. Nikamuuliza, na mama asipokula? Akasema hapo mama naye atahamia kwake, wifi atamwangalia. Atamwangalia saa ngapi, nikamuuliza, wakati anatoka alfajiri anarudi jioni, na wewe una watoto mia tisa wa watu? Mimi nashonea hapahapa. Kutoka kwenye cherehani hadi kwenye kiti cha mama ni hatua sita. Akajibu kwamba hatua sita hazijazuia vidonda. Alikuwa na haki, na mtu mwenye haki akiwa ndiye kaka yako mkubwa anaudhi mara mbili. Moyoni nikasema nyani haoni kundule. Yeye hajawahi kumwogesha mama hata siku moja.

Isitoshe, nilikuwa na kitu ambacho kaka hakuwa nacho. Kila asubuhi nikimwogesha mama, mkono wake mzima ulikuwa unavuka kifua, unanidaka gumba la kulia, unalibana. Unalibana kwa nguvu mpaka linauma. Hasemi, lakini ananishika. Nilimweleza kaka habari hiyo zaidi ya mara moja, na wateja wangu waliisikia mpaka wakaichoka. Kaka hakuwahi kushikwa hata kidole.

Basi ndiyo hiyo Alhamisi. Mimi ni fundi wa nguo mwaka wa ishirini na mbili huu, nikajiambia kucha kumi na nane za mbwa zitanishinda nini. Nikafanya kama nifanyavyo kazini. Nikachukua chaki nyeupe, nikachora mstari kwenye ukucha mweusi wa kwanza, sawasawa na pindo. Kisha nikakata. Fundi akishachora hasiti, kwa sababu mkasi ukisita kitambaa kinatoka meno-meno. Nilikata kwa mpigo mmoja, kwa moyo wote.

Sikujua kwamba ndani ya ukucha wa mbwa mna nyama yenye mshipa wa damu, inashuka karibu na ncha, na kwamba kwenye ukucha mweusi huwezi kuiona. Karani alipiga yowe ambalo sijapata kulisikia kwa kiumbe wa kimo kile. Aliniponyoka akakimbilia sebuleni, akapanda moja kwa moja mapajani kwa mama, akaliacha gauni lake la kijivu na alama nyekundu. Mama akalitazama gauni. Halafu akatazama mlangoni, nilipokuwa nimesimama na kikata kucha mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilimpigia wifi kazini huku nalia. Akaniambia niache kulia, nikandamize ukucha kwa unga mkavu, wowote ule, niubane na kitambaa dakika tano bila kuchungulia. Nikaenda nikambandua Karani kutoka mapajani kwa mama, anapiga kelele, mama naye anafanya "mm, mm", nikamchovya kwenye unga wa ngano nikabana huku naitazama saa ya ukutani. Damu ikakata. Nilipomwachia aliingia chini ya cherehani, nyuma ya kanyagio, akajikunja huko. Jioni nilimwita kwa kila jina zuri ninalolijua. Hakutoka, na mama hakula.

Ijumaa asubuhi nilimpigia daktari wa mifugo, mzee mmoja asiye na haraka, ambaye wifi alinipa namba yake. Nilimsimulia chaki, nilimsimulia mpigo mmoja. Akaniambia, fundi, sahau kitambaa. Hapo unakwangua, hukati pindo. Ondoa kipande chembamba kama ganda la kitunguu, kisha tazama pale ulipokata. Ukiona pakavu, peupe, ondoa kingine. Ukiona katikati kumejitokeza kitone cheusi, kinyevu, simama hapohapo, nyama iko jirani. Mbwa azungushiwe taulo, mguu mmoja tu uwe nje, na kila ukucha ulipwe nyama ya kuku. Akivuta mguu, mwachie. Ukishindana naye umeshindwa. Na si lazima zote siku moja, mguu mmoja kwa siku unatosha. Nikamwambia daktari, sina siku nne. Akasema basi siku yako iwe ndefu.

Ilikuwa ndefu. Kwanza Karani alikuwa akisikia tu ule mlio wa kikata kucha anatetemeka mwili mzima, kwa hiyo nilikaa chini mbele ya cherehani nikawa nakata tambi kavu, tak, nampa nyama, tak, nampa nyama, mtu mzima nimejaza tambi kwenye sketi. Saa tano ndipo alipokubali taulo. Ukucha mmoja ulinichukua nusu saa. Nilikuwa naondoa ganda, natazama, naondoa ganda, natazama, jasho linanidondoka puani kama nimebeba magunia. Kitone cheusi kilipotokea kwa mara ya kwanza, kidogo kama tundu la sindano, nilishukuru kwa sauti.

Kati ya ukucha na ukucha nilimwacha apumue, nikarudi kwenye sketi za sare zilizokuwa zinanisubiri, nikikandamiza mishono kwa ukucha wa gumba kabla ya pasi. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema pasi ya kwanza ya fundi ni ukucha wake, na ukucha huo nimeufuga tangu nikiwa mwanafunzi. Mama aliuchukia. Mpiga chapa hafugi kucha, zinakwama kwenye vitufe, na tulipokuwa wadogo alitukagua kila Jumapili, mimi na kaka, viganja chini, mikono juu ya meza. Hata nilipopata wateja wangu aliendelea kuusikitikia. Nilikuwa namwambia, mama, wewe zako kazi yako ni kuzikata, wangu kazi yangu ni kuufuga.

Jumamosi adhuhuri nilimaliza ukucha wa kumi na nane. Kumi na saba nilizikata bila tone la damu, na ule wa kwanza ulikuwa umeshakauka. Nilimweka Karani sakafuni akatembea, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na tiki-tiki, alipita kimya kama mtu aliyevaa soksi. Nilijisikia fundi tena. Nikapasha supu, nikaimimina kwenye bakuli, nikamwita.

Hakupanda. Alifika hadi miguuni kwa mama, akamnusa kidole cha mguu, akageuka akanitazama, akarudi chini ya cherehani. Nikaelewa. Alikimbilia mapajani pale akiwa na maumivu, na mimi nikamng'oa palepale. Kwake yeye pale ndipo mahali ninapomkamatia.

Nilijaribu kumbeba nimweke mwenyewe, akaruka. Nilijaribu nyama. Nilitoa sebuleni kila kitu chenye harufu yangu, nikatoka nje nikachungulia dirishani kama mwizi. Mama alikaa anautazama mlango wa chumba cha kushonea, mdomo umefungwa. Tangu Alhamisi alikuwa ameingiza vijiko vya uji visivyofika kumi, na hivyo vilipita kwa ubishi, nusu vikarudi kidevuni. Saa kumi jioni alianza kutokwa jasho, midomo ikatetemeka. Wifi aliniambia kwenye simu nimpake asali ndani ya shavu, kidogo kidogo, na dawa ya jioni nisimpe; hali ile ikirudi nimkimbize hospitali bila kumsubiri mtu. Jasho lilikata. Lakini nilijua mtu haishi kwa asali ya shavuni, na kesho kaka anakuja na kasha.

Nilikwenda nikampigia magoti mbwa. Nililala kifudifudi, shavu kwenye saruji, nikamtazama huko nyuma ya kanyagio.

"Karani, nakuomba," nikamwambia. "Nipige, niume, nifanye unachotaka. Panda tu."

Akalamba ukucha wake uliokuwa na kidonda, akafumba macho.

Jumapili nilimwogesha mama haraka haraka, ili kaka amkute safi, amevaa gauni la mikono mirefu. Alikuwa mzito, uzito ule wa mtu asiye na nguvu, anakuponyoka. Mkono wake mzima ukavuka kifua kama kawaida, ukanidaka gumba. Nikalichomoa. Nikamwambia mama, niache leo, hatuna muda. Nikampitisha mkono wa gauni, nikamfunga vifungo, nikamwinua kitini.

Walifika saa nne. Kaka na kasha lenye matundu, wifi na mkoba wake wa kazi. Kabla hajakaa, wifi alikunja mkono wa gauni wa kulia hadi kwenye kiwiko. Mchubuko ulikuwa pale, mpya, wenye unyevu, mfupi, umepinda. Doa dogo la damu lilikuwa limeingia kwenye gauni safi.

Niliapa. Nilisema mbwa huyu hajamgusa mama tangu Alhamisi, nilimvuta Karani kutoka chini ya cherehani nikamwonyesha wifi kucha zake, butu, za mviringo. Wifi alizipitisha kwenye mkono wake mwenyewe, juu chini, hazikuacha hata mstari. Akamtazama mumewe. Kaka akasema kwa hiyo mkono umejichubua wenyewe. Akasema amechoka, akasema mama amekonda ndani ya siku tatu, akaniuliza kama nataka kumzika ndipo nikubali. Akamchukua Karani mikononi mwangu akamwingiza kwenye kasha. Mbwa hakulia. Mama ndiye aliyelia, "mm" ndefu, isiyo ya maji wala ya niacheni.

Nikauinua mkono wa mama. Nilitaka kuwaonyesha kwamba mbwa akikaa pajani kucha zake hazifiki pale palipochubuka. Nikaushika kama ninavyoushika kila asubuhi nikimwinua, kiganja chini, gumba juu. Gumba likatua juu ya mchubuko. Ukucha wangu uliingia mle kama kifungo kwenye tundu lake.

Nikalisogeza juu kidogo, kwenye kovu la wiki iliyopita. Likaingia. Nikalisogeza tena. Alama tano, ukucha mmoja.

Hakuna aliyeniona. Wifi alikuwa ameinama mkobani anatafuta bandeji, kaka anahangaika na komeo la kasha. Mama alikuwa ananitazama. Nikaukumbuka ule mkono uvukao kifua kila asubuhi, ukinibana gumba mpaka linauma, na mimi ninavyojisifu kwa wateja. Alikuwa hanishiki. Alikuwa ananizuia.

Nataka ujue niliyoyawaza, maana sitaki unione mwema. Niliwaza kunyamaza. Nikinyamaza, jioni naukata ukucha, vidonda vinakoma, na dunia nzima itasema kumbe kweli alikuwa mbwa. Lakini mbwa akienda mama hali, na mama asipokula anahamishwa. Nikisema, nani atamwacha mama yake mikononi mwa mtu anayemjeruhi? Kila mlango niliougusa ulikuwa unampeleka mama kwa kaka. Tofauti ilikuwa moja tu, kama atakwenda akiwa na mbwa wake au bila yeye.

"Kaka, mfungulie Karani," nikasema. "Ni mimi."

Hakuelewa. Nilikwenda mezani nikaweka mikono juu yake, viganja chini, kama Jumapili za zamani. Kaka ni mtoto wa mama yuleyule, hakuhitaji kuambiwa anatazama nini. Alizipitia kucha zangu moja moja hadi akafika kwenye gumba. Wifi alikuja akalishika, akaenda nalo hadi kwenye mkono wa mama, akalipima, akafumba macho. Kaka akavuta kiti akakaa. Tangu mama augue, ilikuwa mara ya kwanza namwona amekaa ndani ya nyumba ile.

Nikamwambia unaweza kumchukua, sitabisha. Ila ale kwanza.

Kikata kucha kilikuwa juu ya cherehani. Nilikichukua nikaukata ule ukucha hadi mwisho, kwa mpigo mmoja, bila kutafuta kitone. Ndani ya kasha Karani alishtuka aliposikia mlio. Kipande kiliruka kikaangukia kwenye saruji, miaka ishirini na miwili ya kazi, na kwa jinsi nilivyoogopa sikukiokota. Nikapiga magoti mbele ya kiti, nikaunyosha mkono wangu.

Mkono wa mama ulivuka kifua. Ukanidaka gumba, nikajikaza nikisubiri kubanwa. Hakubana. Alipitisha kidole chake kwenye ncha, kutoka upande mmoja hadi mwingine, polepole, kama alivyokuwa akifanya tukiwa hatufiki kimo cha meza.

"Mm," akasema.

Akaniachia.

Kaka ndiye aliyemtoa Karani kwenye kasha, akambeba kama anavyobeba vikombe vya ushindi, mbali na kifua, akamweka mapajani kwa mama. Mbwa hakumkimbia kaka, kwa sababu kaka hakuwa mimi. Mkono wa mama ukatua mgongoni, na mdomo ukafunguka. Kaka akatazama bakuli, akanitazama mimi, nikamwambia lisha wewe, mimi nitakaa mbali mbwa asishtuke. Alimlisha mama supu yote, tai imelowa. Alipomaliza alisema mama hatahama. Ila kila Jumapili atakuja kukagua kucha, za mbwa na zangu, akajaribu kulisema kwa sauti ya mwalimu mkuu, haikutoka.

Sasa ni mwezi wa pili tangu Jumapili ile. Mkono umepona. Karani anapanda mwenyewe hata nikiwepo, na mishono naikandamiza kwa kijiko cha mbao, kazi inakwenda polepole. Mama anakula. Kila asubuhi nikimwogesha nalipitisha gumba langu karibu na ule mkono wake mzima, taratibu, kama kwa bahati mbaya. Haulishiki.